Kilo 108 kwenye Njia ya Ubundu

Bidoni moja ya mawese huchukua lita 20 na uzito wake ni kama kilo 18. Velo yangu ilibeba sita: mbili kila ubavu, mbili juu ya keria. Hizo ni kilo 108 kabla hujaongeza pampu, sufuria na kwanga, mkate wetu wa muhogo, ya njiani. Kwa mzigo huo hukalii kiti. Unafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unatembea pembeni ukisukuma. Pedali ya upande wako unaifungua, la sivyo itakuvunja muundi. Watu waliotuona tukiingia Lubunga, mtaa wa Kisangani ulio kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, walitusifu kwa kuendesha kutoka Ubundu, na sisi tulikuwa tumetembea kilomita 125.

Maporomoko ya Boyoma, saba kwa jumla, huzuia meli kati ya Ubundu na Kisangani. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli kwenye ukingo wa kushoto, ikafunguliwa 1906. Vita vya 1998 vilipofika, meli za Kinshasa zikasimama na treni ikawa ya kubahatisha. Mji ukaanza kula kwa magurudumu ya velo. Tulipeleka chumvi na sabuni tulizokopa dukani, tukarudi na mawese, mchele na samaki wakavu.

Hakuna aliyekwenda peke yake. Sisi tulikuwa sita, na mkubwa wetu tulimwita Yaya tu. Siku ninayoikumbuka kwa magoti ilianza na mvua ya usiku. Ikweta unaivuka njiani, na huku hakuna mwezi usio na mvua. Udongo mwekundu ukilowa hujaa kati ya gurudumu na fremu mpaka velo inagoma. Unachokoa kwa kijiti, unakwenda hatua chache, unachokoa tena.

Mlimani tulijigawa watatu watatu: mmoja ashike usukani, wawili wasukume nyuma. Kikifika juu chombo kimoja, mnashuka kufuata kingine, kwa hiyo kila mtu alipanda mlima uleule mara tatu. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Breki haizuii mafuta yanayotikisika, basi tulifunga kamba kwenye keria na wawili wakavuta kwa nyuma. Kwenye daraja la magogo kamba ya mdogo wetu ikateleza. Spoki zilikatika, rimu ikapinda, bidoni moja ikapasuka.

"Yaya, niacheni, nitawafuata."

"Mdogo wangu, nani atalala nawe porini? Toa bidoni."

Tano zilizobaki zikagawanywa, moja kwa kila mmoja wetu. Spoki za akiba zilitoka kwenye mifuko yote, Yaya akanyoosha rimu kwa jiwe, na velo tupu ikatembea ikiyumba. Kufika kwenye bariera tukaambiwa ushuru ni kwa velo, siyo kwa mzigo. Ile tupu nayo ikalipiwa!

Usiku tulifika Biaro, kilomita 41 kutoka mjini. Mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi hapo, na wengi walikufa. Hatukupenda kulala mahali hapo, lakini miguu haikutuuliza.

Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi yetu. Nasikia pia habari za Tour d'Afrique, msafara ulioanza 2003, wa baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, kilomita zipatazo 12,000. Milima ya Ethiopia siidharau hata kidogo. Lakini mizigo yao hubebwa na gari, na anayeshindwa huweza kupanda gari hilohilo. Kwetu mzigo ulikuwa deni la mwenye duka, na deni halipandi gari. Kwa hiyo mimi huwa sishangai sana nikisikia sifa za mapaja yenye nguvu. Mwenye nguvu kuliko sote alikuwa wa kwanza kutaka kumwacha yule kijana.

Mafuta tuliyauza Lubunga, kabla ya kuvuka mto, kwa sababu wenye mitumbwi wangetukamua. Yaya alitenga kwanza deni la dukani, halafu bei ya spoki na ya bidoni iliyomwagika. Kilichobaki alikigawa mafungu sita yanayolingana. Yule mwenye nguvu alinung'unika kwamba kijana hastahili fungu zima. Safari iliyofuata tulikwenda watano, na kijana alikuwamo.