Kodi ya Sailensa Imefutwa Marekani, Sajili Imebaki

Tangu Januari 1, 2026, anayenunua sailensa ya bunduki Marekani halipi tena dola 200 za stempu ya kodi. Wenye maduka ya silaha waliitangaza tarehe hiyo kama sikukuu, na wapo wateja wanaoingia dukani wakidhani sheria yenyewe imekwisha. Fomu bado inajazwa, alama za vidole zinachukuliwa, picha inaambatishwa, nakala inapelekwa kwa mkuu wa polisi wa eneo, na namba ya kifaa inaingia kwenye sajili ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Anayekutwa na sailensa isiyosajiliwa anaweza kufungwa hadi miaka 10, kodi iwepo isiwepo.

Kodi hiyo iliwekwa mwaka 1934, na dola 200 za siku zile ni zaidi ya dola 4,000 za leo. Ilikusudiwa kumkatisha tamaa mnunuzi. Bunge halikuipandisha, mfumuko wa bei ukaila miaka nenda miaka rudi, mwisho ikabaki kero tu. Sheria ya kodi na matumizi iliyosainiwa Julai 4, 2025 ndiyo iliyoishusha hadi sifuri. Wabunge kadhaa walitaka zaidi ya hapo, yaani sailensa ziondolewe kabisa kwenye sheria ya 1934, lakini mshauri wa kanuni za Seneti aliona kipengele hicho hakina nafasi kwenye muswada wa bajeti.

Sasa kuna kesi mahakamani. Mwaka 1937, katika kesi ya Sonzinsky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliihalalisha sheria ile kwa kuwa ni sheria ya kodi. Watetezi wa wamiliki wa silaha wanauliza: kodi ikiwa sifuri, sajili inasimama juu ya nini? Hoja ina uzito. Ila kesi za namna hii huburuzwa miaka, na Bunge jingine linaweza kuirudisha kodi kwa wingi mdogo wa kura. Kwa hiyo anayeniuliza anunue sasa au asubiri, humwambia asiiweke sheria mbele katika hesabu zake. Atafute kifaa kitakachomfaa upepo uvume upande wowote, kwa sababu sailensa ni mali ngumu kuachana nayo. Sheria inaihesabu kuwa silaha kamili, hivyo ukitaka kumuuzia mwingine naye lazima apitie fomu zilezile. Mtumba wake hauna soko la maana, na duka halikurudishii pesa kwa sababu umebadili mawazo.

Filamu zimetudanganya kuhusu kazi ya sailensa. Bunduki ya aina ya AR-15 hulia kwa takriban desibeli 165, na sailensa nzuri hupunguza kati ya 20 na 35. Mlio wa ghafla unaovuka desibeli 140 unahesabiwa kuwa hatari kwa sikio hata ukisikika mara moja. Bunduki hiyo ikifungwa sailensa huweza kushuka chini kidogo ya mstari huo, basi. Jirani bado anasikia, na mimi bado nashauri mtu avae vizibo vya masikio. Tena kuna mlio ambao sailensa haiugusi kabisa: risasi ya 5.56 ya bunduki hiyo hutoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde, sauti huenda kama mita 340, na risasi inayoishinda sauti hupasua hewa njia nzima. Anayetaka ukimya wa kweli hutumia risasi za mwendo mdogo, na hizo zina masafa mafupi.

Ndani ya sailensa ni msururu wa vyumba vinavyoikamata gesi ya baruti, kuizungusha na kuipoza kabla haijatoka, sawa na ekzosi ya gari. Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909, alishughulika na ekzosi pia. Baba yake ndiye aliyebuni bombomu la Maxim, silaha ambayo historia ya ukoloni Afrika haiwezi kusimuliwa bila kuitaja.

Tukija kwenye kuchagua, mtu mwenye bunduki zaidi ya moja namwelekeza kwenye sailensa ya kaliba ya 7.62. Risasi nyembamba hupita salama kwenye tundu pana, hivyo kifaa kimoja kitahudumia bunduki ya kuwindia paa na ile ya 5.56, kwa hasara ya desibeli chache. Kinyume chake ni maafa. Hakikisha pia nyuma ya kifaa kuna mkato wa skrubu unaotumiwa na viwanda vingi, inchi 1.375 wenye nyuzi 24 kwa inchi. Ukiwa nao, leo utaweka kishikio cha kampuni moja, kesho cha nyingine, bila kununua sailensa mpya. Hicho ndicho kitu kidogo ambacho wauzaji husahau kukitaja na wanunuzi hukijutia.

Titani ni nyepesi na inamfaa mwindaji anayetembea kutwa akifyatua risasi mbili tatu. Anayefyatua mfululizo kwenye uwanja wa shabaha achukue chuma kizito kinachostahimili joto. Bunduki inayojipakia yenyewe ina tatizo lake: gesi iliyozuiwa mbele hurudi nyuma, ikamwagika usoni mwa mpigaji, na anayetumia mkono wa kushoto ndiye huumia zaidi. Ziko sailensa zinazoiachia gesi itoke mbele kwa wepesi. Ghali kidogo, ila zinastahili bei. Sailensa ya bunduki ya .22 iwe inafunguka, kwani risasi zile hujaza masizi na madini ya risasi ndani haraka ajabu.

Vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa kama vichujio vya mafuta au vya kusafishia mtutu viache. Ukivitoboa bila idhini umetengeneza sailensa haramu.

Kisha kuna majimbo. Nane, yakiwemo California, New York na Illinois, hayaruhusu raia kumiliki sailensa hata serikali kuu ikisema nini. Kwingine sheria ya jimbo inaruhusu zile tu zilizosajiliwa na serikali kuu, hivyo sajili ikifutwa ghafla, mmiliki halali anaweza kujikuta mkosaji nyumbani kwake hadi jimbo lirekebishe maandishi. Tunza nakala ya idhini yako hata kama siku moja utaambiwa haina kazi.

Kwa wasomaji wetu walioko huko: mwenye grini kadi anaweza kuomba, lakini aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida amezuiwa, isipokuwa akiangukia kwenye misamaha kama leseni ya kuwinda. Na usiitie sailensa kwenye begi unaporudi Kenya likizo. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha kusafirisha nje, na Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mlio kuwa silaha, kiwe na bunduki au kiwe peke yake.