Mwenda Pole Hajikwai, Hata Moyo

Sisi washairi tumeutwika moyo mizigo mingi: mapenzi, huzuni, hofu na subira. Madaktari wao huuona kuwa ni pampu ya nyama isiyolala usiku wala mchana. Lakini kwa jambo moja tumeafikiana: mtu akishtuka, moyo humwenda mbio.

Mbio hizo huletwa na adrenalini, itokayo kwenye tezi zilizo juu ya mafigo. Huingia damuni, ikafika moyoni na kubisha milango midogo iitwayo beta. Milango ikifunguka, moyo hupiga kwa kasi na nguvu. Kwa kijana mzima hapana neno. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyosonga, damu haitoshi, na kifua humbana.

James Black, daktari wa Scotland, alijiuliza: badala ya kuuongezea moyo chakula, mbona usipunguziwe kazi? Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wakatoa propranolol, dawa inayotangulia kukaa mlangoni ili adrenalini ikose njia. Mwaka 1988 alitunukiwa tuzo ya Nobel.

Propranolol na nduguze, kama atenolol na bisoprolol, hupunguza mapigo na kushusha presha. Kwa presha pekee, madaktari wengi siku hizi huanza na dawa nyingine. Hizi huwafaa zaidi wenye kubanwa kifua, wenye moyo uliodhoofika au usiopiga sawasawa. Mwenye pumu amweleze daktari mapema, kwani zaweza kumbana pumzi.

Sasa nije kwa lililonishikisha kalamu. Mzee mmoja jirani yangu aliacha vidonge vyake Ramadhani ilipoingia. "Mwanangu, sikuhisi lolote, nikadhani nimepona," aliniambia baadaye, akiwa kitandani hospitali. Hakujua kwamba dawa ikishakaa mlangoni, mwili huongeza milango mingine. Ikiondoka ghafla, adrenalini huikuta yote wazi, na moyo huweza kushambuliwa.

Waungwana, nyingi za dawa hizi zaweza kupangwa zinywewe wakati wa futari au daku. Muulizeni daktari kabla mwezi haujaandama. Na asiyeweza kufunga, aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Moyo ni amana. Anayetaka kuiacha dawa yake na aiache pole pole, kwa shauri la daktari.