Usilipie Wepesi: Vifaa vya Kambi kwa Anayesafiri na Gari

Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mzigo wake hupandishwa kwenye mizani kabla hajaanza kupanda. Ndiyo maana vifaa vya mlimani vina bei ya kutisha: hema la kilo 2, godoro la kujaza upepo linalokunjwa likaenea mkononi, sufuria ya titani. Anayevinunua analipia gramu zilizopunguzwa. Familia inayotoka Dar es Salaam Jumamosi alfajiri kwenda Mikumi kwa Noah haina mpagazi wa kumwonea huruma. Hata hivyo ikiingia dukani huoneshwa vifaa vilevile vya mlimani, ikatoka na begi zuri na pengo kwenye fedha ya petroli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: kama gari ndilo linalobeba, usilipie wepesi. Lipia nafasi, ukavu na usingizi. Vingine, karibu vyote, tayari viko jikoni kwako na kwenye kabati la mashuka.

Hema ndicho kifaa ambacho nyumbani hakina mbadala, basi fedha ianzie hapo. Lebo ikisema "watu 4", mtengenezaji amehesabu miili iliyolala ubavu kwa ubavu, kila mmoja akipewa sentimita 60 hivi. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kina upana wa kama sentimita 120, maana yake wawili wanaokilalia wanapata kiasi hichohicho. Wenye ndoa wanajua nafasi hiyo inatosha kwa nini na haitoshi kwa nini. Hapo begi, viatu na mtoto anayezunguka usiku kucha havijahesabiwa. Watu wawili wachukue la watu 3 au 4. Wazazi wenye watoto wawili wachukue la watu 6. Uzito utaongezeka kwa kilo kadhaa, lakini wewe hutazisikia.

Ukishapata ukubwa, achana na rangi kwa muda, tazama paa. Hema la kuaminika lina matabaka mawili: la ndani lenye wavu wa kuzuia mbu, na turubai la nje linaloteremka hadi karibu na ardhi pande zote. Mahema mengi ya bei ya chini yana turubai lililokaa kileleni kama kofia, mbavu zikabaki wazi. Ukiwa Ruaha mwezi wa Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza, hilo halitakudhuru. Mvua ya masika inayokuja na upepo haitoki juu peke yake.

Kwenye lebo utakuta pia tarakimu za milimita, tuseme 2,000. Hizo zinaeleza urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla hakijaanza kupenyeza. Kwa paa, milimita 1,500 hadi 2,000 zinatosha. Sakafu idai 3,000 au zaidi, kwa sababu goti au kiwiko kinapokandamiza kitambaa juu ya ardhi iliyolowa, maji husukumwa kuja ndani. Hata hivyo kitambaa mara nyingi hakina kosa. Maji hupitia kwenye mishono. Geuza turubai nje-ndani hapohapo dukani, uone kama mishono imebandikwa utepe. Muuzaji akikataa hema lisifunguliwe, nenda duka la pili.

Yapo pia maji ambayo mvua husingiziwa bure. Watu wanne wakilala kwenye hema lililozibwa kila tundu, pumzi zao hugeuka matone upande wa ndani wa turubai ifikapo alfajiri. Mtu huamka amelowa, akaapa kwamba hema linavuja, akaliuza kwa bei ya hasara. Dawa ni kuacha matundu ya juu wazi, hata penye baridi.

Kuhusu fito, za faibaglasi ni nzito na hupasuka zikizeeka, za aluminiamu ni nyepesi na ghali. Chukua faibaglasi, kisha weka kwenye begi kipande cha bomba la chuma la kuvalisha palipovunjika. Vigingi vinavyokuja na hema, vile vya waya mwembamba, havifai kitu kwenye ardhi ya kiangazi: ukigonga mara mbili vimepinda. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akukatie nondo za milimita 8 zenye urefu wa sentimita 30 na kuzikunja kichwani. Mpanda mlima angekucheka. Wewe zitakutumikia miaka.

Mara kwa mara naulizwa habari za hema la juu ya gari. Sina ugomvi nalo, ila si kifaa cha kuanzia. Mengi huzidi kilo 50, na paa la gari dogo lina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari ambacho wengi wetu hatujawahi kukifungua. Tena ukitaka kwenda kuwatazama tembo saa kumi jioni, sharti uikunje nyumba nzima kwanza.

Sasa usingizi, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hununua mfuko wa kulalia wa bei kali, akautandika juu ya mkeka, akatetemeka hadi asubuhi. Mfuko huo hukupa joto kwa hewa iliyonaswa ndani ya pamba yake. Upande unaoulalia umekandamizwa na hewa imetoka, kwa hiyo ardhi inakunyonya joto moja kwa moja. Shilingi ya kwanza ya usingizi iende chini ya mwili. Godoro la sponji la inchi 3 au 4, lilelile la kitanda cha watoto, linalishinda godoro la upepo la kawaida kwa sababu sponji hunasa hewa katika vitundu vidogo isizunguke. Ndani ya godoro la upepo hewa huzunguka kwa uhuru, ikichukua joto la mgongo na kulipeleka ardhini. Halafu liko suala la mwiba wa mgunga, ambao sponji haiuogopi. Sponji ina kasoro moja tu, ukubwa. Likunje kwa nguvu, lifunge kwa mpira wa tyubu, lisukume nyuma ya kiti.

Juu ya mwili, jibu linategemea mwinuko wa unakokwenda. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukishika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya unapita Mikumi, kwenye mwinuko wa kama mita 550, ambako shuka na blanketi jepesi vinatosha. Ukiendelea na safari hadi Kitulo, umefika uwanda wa mita 2,600 hivi, ambako mwezi wa Juni na Julai majani huweza kuamkia yana barafu. Kambi ya Simba, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mita 2,300 hivi, nayo huwakuta watu wametoka kwenye joto la Serengeti wakiwa na kanga na fulana. Mablanketi mawili mazito kwa kila mtu, soksi, sweta na kofia ya kufuma hufanya kazi ileile ya mfuko, na hukulazimika kununua chochote.

Kama unautaka mfuko wa kulalia kwa vyovyote, masoko ya mitumba yanayo: Karume jijini Dar es Salaam, Memorial kule Moshi, Gikomba na Toi kwa walioko Nairobi. Soma lebo kwa makini. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huwa na namba tatu za nyuzijoto: ya kulala kwa starehe, ya mwisho wa kuvumilia, na ya hatari, ambayo ni ya kunusurika tu. Hiyo ya tatu ndiyo hupendwa na wauzaji kwa kuwa inavutia zaidi. Wewe fuata ya kwanza. Vuta zipu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha uinue mfuko kwenye mwanga uone kama pamba imekimbilia upande mmoja. Hema la mtumba lipime kwa pua na vidole. Likinuka uvundo na kitambaa kikinata, rangi ya kuzuia maji imeshaoza; hilo halitengenezeki, hata kama muuzaji atalipunguza bei mara tatu.

Au usinunue kwanza. Moshi na Arusha kuna maduka yanayokodisha vifaa vya wapanda mlima, na hema la kukodi kwa siku mbili litakufundisha unachokipenda bila kukufunga.

Jikoni sina mengi ya kusema, maana unakujua kuliko mimi. Beba sufuria zako, sinia, mwiko, chupa ya chai, na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Makopo ya gesi ya wapanda mlima hupatikana katika miji michache na hayajazwi tena, wakati mtungi utabadilishiwa hata Ruaha Mbuyuni, mradi wakala wa kampuni yako awepo. Usafirishe ukiwa umesimama, koki imefungwa. Kipande cha bati cha kukinga upepo kitakuokolea gesi nyingi. Kwa chakula cha baridi, deli la wauza samaki likiwekwa chupa kubwa za maji zilizogandishwa hudumu siku nzima na zaidi, na barafu ikiyeyuka unainywa. Jokofu la gari, lile la kuchomeka kwenye betri, subiri kwanza. Asubuhi gari lisipowaka utajua kwa nini.

Maji yenyewe yahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa uso. Watu wanne kwa siku mbili wanataka lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20, yaani kilo 40. Hizo ziwekwe chini, nyuma ya viti, kamwe si kwenye keria, ambako zingeyumbisha gari kwenye kona. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019, na Kenya tangu Agosti 2017. Kenya iliongeza, kuanzia Juni 5, 2020, marufuku ya plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi zake, chupa ndogo za maji zikiwemo. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, yenye mfuniko wa kubana, hubeba unga, mchele na sukari bila sisimizi kujua, na jioni inakuwa kiti.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Jiko la mkaa haliingii ndani ya hema, hata likiwa na makaa ya mwisho, hata baridi iwe ya namna gani. Mkaa unaoungua polepole hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki akaisikia. Jiko la gesi nalo libaki nje.

Kambi za umma katika hifadhi nyingi hazina uzio, na hilo linagusa uchaguzi wa vifaa. Chakula chote, hata ganda la chungwa, kilale ndani ya gari. Nyani hawashindwi na zipu, na fisi huchukua viatu na sufuria zilizoachwa nje. Kule Seronera, ndani ya Serengeti, majengo ya kupikia na kulia yamezungushiwa wavu, nawe utaelewa sababu jioni ya kwanza. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani, yenye mwanga wa kufika mbali, amulike pande zote na kuangalia macho yanayong'aa kabla hajatoka kwenda chooni. Ndorobo huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hivyo kwa Tarangire au Ruaha hema na nguo za kaki au kijani hafifu ni bora. Na ukiona mti wa mwegea, ule wenye matunda marefu yanayoning'inia, usijenge hema wala kuegesha gari chini yake: tunda moja lina uzito wa kilo kadhaa.

Unapolipia kambi, uliza aina yake. Kambi maalumu ina bei ya juu kuliko ya umma, na bado haina choo, maji wala jiko. Unacholipia ni upweke. Anayeanza achukue ya umma.

Gari lenyewe nalo lina vifaa vyake: tairi la akiba lenye upepo, jeki, koleo, kamba ya kuvutia, na kipande cha ubao kipana. Ubao huo husahauliwa na karibu kila mtu, ilhali bila huo jeki huzama kwenye udongo mweusi uliolowa na gari halinyanyuki hata sentimita moja.

Mkirudi nyumbani, hema litolewe kwenye begi siku hiyohiyo, lianikwe kwenye kamba ya nguo hadi mishono ikauke, ndipo likunjwe. Likae kivulini, jua kali la wiki kadhaa hukichosha kitambaa kuliko mvua. Nondo zipakwe mafuta kidogo zisishike kutu, na godoro lirudishwe kwa mwenyewe, ambaye kwa siku mbili amelala kwa bibi yake.