Daftari litawaepusha wanafunzi na ugomvi wa stima

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa wanapozungumziwa wafanyabiashara na vyama vya ushirika. Leo ningependa kuitoa dukani na kuipeleka katika nyumba ambamo wanafunzi wetu wa vyuo huishi pamoja, kwani humo hupotea pesa, hupotea urafiki na, wakati mwingine, hupotea masomo yenyewe.

Si siri kwamba mabweni ya vyuo vyetu hayawatoshi wanafunzi. Ndiposa Juja, Rongai, Maseno na Njoro nyumba za kupanga zimechipuka kama uyoga. Wanafunzi watatu au wanne hukodi vyumba viwili, wakachanga kodi, wakanunua sufuria moja kubwa na mtungi mmoja wa gesi, wakaanza maisha. Kodi haina matata makubwa. Kiasi chake kinajulikana, tarehe yake inajulikana, na mwenye nyumba hakosi kubisha. Stima na gesi, kinyume chake, hazina tarehe. Huisha zinapotaka, na aghalabu hupenda usiku wa kuamkia mtihani.

Mnamo mwaka 2024 kijana mmoja wa mwaka wa pili alibisha mlango wangu. Alikuwa na adabu nyingi na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mwalimu, naomba unisamehe," alisema. "Insha yangu sijaimaliza. Kwetu hakuna stima tangu juzi, na wenzangu wameniambia nitafute pa kuhamia."

Nilimketisha, akanieleza. Waliishi wanne katika eneo lenye baridi kali. Kila mmoja alichanga sawa na mwenzake: shilingi 200 za tokeni kila zilipohitajika. Mama yake huuza mboga, na mkopo wa muhula huo ulikuwa bado haujaingia. Mara hii hakuwa na zile 200, akaona haya kusema. Wenzake nao, badala ya kuuliza, walikataa kununua hadi naye atoe. Nyumba ikakaa gizani usiku mbili. Mbaya zaidi, walimwambia kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwamalizia stima, kwa kuwa taa ya chumba chake haikuzimwa hadi usiku wa manane. Taa hiyo alikuwa akisomea.

Nilimuuliza swali moja: "Ninyi huoga maji gani?"

Akajibu kwamba wenzake watatu huoga maji moto kila asubuhi, wakipasha ndoo kwa hita ya umeme ya kutumbukiza majini. Yeye amelelewa kwa maji baridi, na huoga hayo.

Basi tukachukua karatasi. Uniti moja ya stima, msomaji, ni wati 1000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Balbu yake ilikuwa ya wati 9. Ukiiwasha kwa muda wa saa 5 kila usiku, kwa siku 30, utakuwa umetumia uniti 1.35. Ndoo ya lita 20 ni jambo jingine kabisa. Kuyapandisha maji hayo joto kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 43 huhitaji takriban uniti 0.58, hata kama hakuna joto lolote linalopotea njiani. Ndoo tatu kwa siku, kwa siku 30, ni uniti 52. Yaani ndoo moja tu ya asubuhi, kwa mtu mmoja, ilitosha kuiwasha balbu ya kijana huyu kwa karibu siku 13.

Siku iliyofuata niliwaita wote wanne. Niliwapa karatasi ileile bila kuhubiri. Waliisoma wakicheka, kisha wakanyamaza. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, sisi tulidhani ni taa."

Katika maneno hayo ndimo ulimo ugonjwa wa nyumba nyingi. Watu hugombania kile kinachoonekana. Taa huonekana kutoka barabarani, nayo redio husikika hadi kwa jirani. Lakini kinachomeza stima si mwanga wala sauti bali ni joto: hita, pasi, birika la umeme na meko ya koili. Yeyote anayetaka kupunguza gharama na aanzie hapo, asimwandame mwenzake anayechaji simu.

Isitoshe, kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifahamu kuhusu bei. Viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023 vilishusha kikomo cha mtumiaji mdogo wa nyumbani kutoka uniti 100 hadi uniti 30 kwa mwezi. Anayezidi 30 bila kupita 100 huingia katika daraja la pili, na anayepita 100 huingia katika la tatu. Kila daraja lina bei ya juu zaidi kwa kila uniti. Mita haijui kuwa nyumbani mna watu wanne. Kwake, ninyi nyote ni mteja mmoja. Vijana wale walikuwa wamevuka uniti 30 kwa ndoo za kuogea pekee, kabla ya kuhesabu pasi wala birika. Kwa hivyo hata yule wa maji baridi alikuwa akiuziwa mwanga wake mchache kwa bei iliyopandishwa na maji ya wengine.

Tena, pesa unazotuma hazigeuki zote kuwa uniti. Mna ushuru wa VAT wa asilimia 16, mna ada ya kusambaza umeme vijijini ya asilimia 5, na mna malipo ya mafuta ya kuzalishia umeme, ambayo hubadilika mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana shilingi 500 za mwezi huu huenda zisilete uniti sawa na za mwezi uliopita. Nimewahi kusikia mweka hazina wa nyumba akiitwa mwizi kwa sababu hiyo tu. Lau angaliandika daftarini idadi ya uniti iliyo katika ujumbe wa simu, asingalihitaji kuapa.

Gesi nayo ina fitina yake, kwani mtungi hauna mita. Unapika leo ukitabasamu, kesho moto unafifia githeri ikiwa bado mbichi. Dawa yake ni mizani. Uzani wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6 za gesi, na hiyo ndiyo jumla unayopaswa kuiona mtungi ukipimwa mbele yako dukani. Ukifika nyumbani, andika tarehe uliyouwasha. Baada ya mitungi mitatu mtajua wenu huchukua siku ngapi, na mtaanza kuchanga kabla haujaisha.

Maharagwe na mahindi yalowekwe usiku kucha. Yatahitaji muda mfupi zaidi motoni. Sufuria ifunikwe. Chakula cha siku mbili kipikwe mara moja. Na wageni je? Wahenga hawakutuacha bila mwongozo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Rafiki anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumatano amekula gesi ya watu wanne, na aliyemleta ndiye anayepaswa kulijaza pengo hilo.

Hata hivyo, kupunguza gharama kusiwe kuhatarisha maisha. Kuna wanaoulaza mtungi au kuutia katika maji moto ili kukamua tone la mwisho. Huo ni mchezo wa mauti. Kuna pia wanaonunua gesi ya magendo kwa kuwa ni rahisi. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, mnamo Februari 2024, uliotokea mahali ambapo gesi ilikuwa ikishughulikiwa bila idhini, ulitufunza bei halisi ya urahisi huo. Ukisikia harufu, fungua madirisha na usiguse swichi. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Je, wanafunzi wafanyeje? Kwanza, wakubaliane siku ya kuhamia, kabla ya sufuria ya kwanza kuinjikwa. Wamuulize mwenye nyumba kama mita ni yao peke yao au ni ya ploti nzima, kama ina deni la mpangaji aliyetangulia, na uniti huuzwa kwa bei gani iwapo yeye ndiye anayeziuza.

Pili, kuwe na mweka hazina mmoja kwa kila mwezi, kwa zamu. Anunue tokeni mita inaposoma uniti 10, asingoje sufuri. Kila ununuzi uandikwe: tarehe, shilingi, uniti.

Tatu, mwanga na mapishi vilipiwe sawa, lakini joto la mtu binafsi alilipie mwenyewe. Anayeoga maji moto aweke alama daftarini kwa kila ndoo, na mwisho wa mwezi alama zihesabiwe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kina mwenyewe.

Nne, asiye na pesa aseme mapema, na wenzake waliandike deni lake bila kulitangaza. Deni lililoandikwa lina mwisho. Lililonyamaziwa huota mizizi.

Yamkini msomaji atasema kuwa kuhesabiana ndoo ni uchoyo wa kigeni, na kwamba sisi ni watu wa undugu. Hoja hiyo naiheshimu, ila siikubali. Pasipo hesabu, anayeumia kila mara ni mnyonge: hutumia kidogo, hulipa sawa, kisha hulaumiwa. Mwenye nacho hahitaji daftari, kwani akikosea hutuma pesa nyingine. Undugu wa kweli haumwogopi anayeuliza ni nani aliyetumia nini. Na pindi hesabu ikijulikana, wenye nacho wanaweza kumsamehe mwenzao kwa hiari, jambo lililo bora kuliko kumlipisha bila kujua.

Nanyi walimu wenzangu, somo la Fizikia katika shule zetu za upili limekuwa likifundisha kukokotoa gharama ya umeme. Lakini ni wangapi kati yetu huwatuma wanafunzi wakasome mita ya nyumbani kwao, wakapime ndoo, wakarudi na hesabu? Mwanafunzi anaweza kupata alama zote katika swali la wati, kisha akamfukuza mwenzake kwa ajili ya balbu ya wati 9. Kosa hilo si lake peke yake.

Kijana wangu nilimwongezea siku tatu, naye akaileta insha. Nyumba hawakuihama. Mmoja wa wale watatu alianza kuoga maji baridi, kwa wiki moja tu. Baridi ilimshinda, akarudia hita, ila sasa aliweka alama zake na kuzilipia. Mwingine aliendelea kununa hadi muhula ukaisha, na sidhani kama husalimiana na mwenzake hata leo. Daftari haliponyi kila kidonda. Lakini giza halikuwapata tena, na hakuna aliyeambiwa azime taa aliyokuwa akisomea.

Muhula mpya u karibu, na vijana wengi watakuwa wakisaka nyumba. Watakumbuka kununua godoro, sufuria na mtungi. Naomba wakumbuke pia daftari moja na kalamu, wavitundike karibu na mita kabla hawajaufunga mlango kwa mara ya kwanza.