Gari kongwe linapogoma kuwaka (1): Umeme una kwenda na kurudi

Jirani yangu hapa Mlandege, mjini Zanzibar, ana Morris Minor ya rangi ya maziwa, na kwa kuwa ni ya miaka ya 1960, mwenyewe huiita "bibi". Masika yalipokwisha, bibi aligoma. Ukizungusha ufunguo, stata ilikoroma mara mbili kama mtu aliyeguswa usingizini, kisha kimya.

Barazani hukumu ilitoka papo hapo: betri. Mwenye gari akanunua betri mpya, bibi akakoroma vile vile. Ikasemwa betri ile ni feki, ikanunuliwa ya pili katika duka jengine. Vijana wenye jezi za timu ya Mlandege wakalisukuma gari kuelekea Michenzani, likatiwa gia ya pili, klachi ikaachiwa, na injini ikawaka mara moja. Basi nani tena angebisha? Gari linalowaka kwa kusukumwa, betri yake imekufa. Ndivyo tunavyojua sote, na mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Fundi aliyekuja baadaye, mtu mzima mwenye kifuko cha bisibisi na spana tatu, hakuigusa betri. Alimwomba mwenye gari awashe taa kubwa, gari likiwa limeelekea ukuta wenye kivuli, kisha apige stata. Stata ikakoroma. Taa hazikutikisika.

"Babu," alisema, "betri zako zote mbili nzima."

Akapeleka mkono kwenye waya wa choki, ule mwembamba unaotoka kwenye dashibodi hadi kwenye kabureta, na akaurudisha upesi. Waya ulikuwa wa moto. Waya ambao kazi yake ni kuvuta tu, usiohusika na umeme hata kidogo, ulikuwa unaunguza vidole.

Hapo ndipo penye darsa, nami nitapakalia kidogo. Tumezoea kuuona umeme kama maji ya bomba: unatoka kwenye betri, unafika kwenye stata, kazi imekwisha. Sivyo. Umeme ukitoka ncha moja ya betri lazima urudi kwenye ncha ya pili, na njia ya kurudi isipokuwapo, wa kwenda nao hauendi. Katika gari, waya wa kwenda unauona, mnene na umefunikwa mpira. Wa kurudi huuoni kwa sababu watengenezaji, ili kupunguza nyaya, waliifanya bodi yenyewe ya chuma kuwa njia ya kurudia.

Lakini injini haikukaa juu ya bodi chuma kwa chuma. Imekalia mito ya mpira ili mtetemo usiwafikie abiria, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo huwekwa mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa mfano wa ukili, unaounganisha injini au giaboksi na bodi. Uko chini kule ambako matope, maji ya masika na chumvi hujikusanya, na mtu anaweza kumiliki gari miaka 20 asijue kama upo. Wa bibi ulikuwa umebaki nyuzi chache za kijani.

Stata huvuta umeme mwingi, ampea 100 na zaidi kwa injini kama hii. Ukinzani wa ohmu 0.03 tu katika mkanda uliooza, kwa ampea 100, unameza volti 3 kati ya 12 za betri, na kila uzi wa shaba unapokatika ukinzani unazidi. Umeme ulionyimwa mkanda hutafuta uchochoro: waya wa choki, waya wa mafuta, chuma chochote kilichoigusa injini upande mmoja na bodi upande wa pili. Uchochoro mwembamba ukipitishwa mzigo wa lori hupata moto. Taa nazo hazikuathirika kwa sababu zimefungwa kwenye bodi moja kwa moja, hazina shida na mkanda ule. Na kusukuma kulifaa kwa sababu cheche za plagi zinahitaji ampea chache tu, ambazo hata uchochoro unatosha kuzipitisha.

Kwa hiyo jaribio la taa lishikeni. Stata ikikoroma na taa zikififia karibu ya kuzima, itazameni betri na vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani uliovikalia ni sumu ya mguso mzuri. Maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo yatautoa kwa povu, maana magadi huua tindikali. Taa zikibaki kali huku stata inalalamika, umeme upo, ila njiani kuna mahali umezuiwa. Fundi wetu alikata kipande cha waya mnene wa zamani, akakwangua boliti mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapaka grisi. Betri ya pili sasa inawasha taa za duka la mpwa wa jirani yangu.

Kabla sijasahau: magari mengi ya Kiingereza ya zama zile, Minor ikiwamo, yaliunganisha ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayefunga betri kwa mazoea ataigeuza. Stata itazunguka kama kawaida, kwa hiyo hatashtuka, lakini koili itatoa cheche dhaifu na dainamo inaweza kuharibika.

Sasa, gari ambalo stata yake inazunguka kwa nguvu na bado haliwaki, huyo ni mgonjwa mwengine. Chomoa waya wa plagi moja, tia bisibisi yenye mpini wa plastiki ndani ya kofia yake, isogeze karibu na injini kiasi cha milimita 5, kisha mwenzako apige stata. Hakikisheni hakuna petroli iliyomwagika. Cheche ya buluu yenye mlio ni salama. Ya manjano na nyembamba, au kutokuwapo kabisa, inakupeleka kwenye distributa.

Ndani yake mna vidomo viwili vya kontakti vinavyofunguka na kufunga. Vikifungua, umeme wa koili unakatwa ghafla, na mkato huo ndio unaozifanya volti 12 kuwa maelfu ya kutosha kuruka pengo la plagi. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vidomo hivyo hufunguka mara 100 kila sekunde. Uwazi wake haufiki hata nusu milimita. Gari likilala miezi kadhaa katika hewa yetu ya bahari, vinashika ukungu mweupe, na msasa laini mara nyingi unatosha. Kifuniko cha distributa nacho kikaguliwe ndani: unyevu uanikwe, lakini ukiona mstari mweusi mwembamba kama unywele, huo ni ufa ambao cheche zimeufanya njia yao, na hapo hapana dawa ila kununua kingine.

Mpango huu wa koili na kontakti ni kazi ya Charles Kettering wa Dayton, Marekani, ambaye pia ndiye aliyeipa Cadillac ya 1912 stata ya umeme. Hata Pontiac GTO ya 1964, yenye silinda 8 na ujazo wa lita 6.4, ambayo vijana huitazama kwenye simu wakapumua kwa matamanio, ukifungua boneti yake utakuta koili na kontakti hizo hizo. Kabla ya Kettering ilikuwa hendeli. Minor bado ina tundu lake mbele. Atakayeitumia hendeli asiuzungushie mpini kidole gumba; kiwe upande mmoja na vidole vingine, kwani injini ikirudi kinyume hukivunja.

Bibi aliwaka. Alikwenda hadi Kikwajuni akazima tena, safari hii akinuka petroli mtaa mzima. Fundi alipofungua kifuniko cha kabureta alikuta boya limezama, na kutoka hapo ndipo tutakapoanzia wiki ijayo.