Kasindi–Butembo: Deklaranti achague intaneti gani? Mega za simu, antena ya paa, fibra ao Starlink

Kamio imefika Kasindi tangu asubuhi. Mali ni ya mfanyabiashara wa Butembo: imetoka Guangzhou kwa meli mpaka Mombasa, ikavuka Kenya na Uganda, na sasa imesimama hatua chache kutoka Mpondwe. Karatasi zote ziko. Kinachokosekana ni mtandao. Deklaranti yuko mbele ya kompyuta, ukurasa unazunguka tu, na kila mara anapojaribu kutuma, anarudishwa mwanzo. Siku ikiisha hivyo, mwenye mali atalipa parkingi ya usiku na chakula cha dereva na msaidizi wake, na duka lake litabaki na rafu tupu siku moja zaidi.

Wanaofanya kazi ya duane kwenye mpaka huu wanaijua hali hiyo. Tangu DGDA ianze kupokea deklarasio katika Sydonia World, na Guichet unique kukusanya karatasi za biashara ya inje kwa njia ya kompyuta, intaneti imekuwa chombo cha kazi sawa na mhuri. Lakini biro nyingi za tranziti, ziwe za Kasindi, za Beni ao za Butembo, zingali zinanunua intaneti namna mtu ananunua uniti ya simu: bei kwanza, mengine baadaye.

Njia zinazouzwa leo ni 4: mega za simu, antena ya paa inayoangalia piloni ya mtoaji, fibra optiki, na setelaiti. Kila muuzaji anasema yake ndiyo ya haraka. Neno hilo "haraka" linaficha vitu ambavyo mteja hapaswi kuvichanganya.

Kupokea si kutuma

Namba inayoandikwa kwenye bango, tuseme mega 50 kwa segonde, mara nyingi ni kasi ya kupokea. Ni nzuri kwa mtu anayetazama video. Biro ya deklaranti inafanya kinyume: inatuma. Faktire, konesima, listi ya koli, vyote vinaskaniwa na kupandishwa.

Kuna na mtego wa hesabu. Mega ya bango si mega ya faili. Inahitaji mega 8 za bango kusafirisha mega 1 ya faili. Dosye ya mega 40 ikipanda kwa kasi ya mega 10 kwa segonde inachukua segonde 32. Ikipanda kwa mega 1 kwa segonde, inachukua dakika 5 na segonde 20. Na kama watu 3 wa biro hiyo wanatuma dosye kama hiyo wakati mmoja, kila mmoja atangojea karibu dakika 16, ikiwa laini haikukatika katikati. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: nikituma, napata ngapi?

Kitu kingine ni muda wa kwenda na kurudi. Fomu ya duane inazungumza na mashini ya mbali mara nyingi, kidogo kidogo: sanduku hili, kodi ile, namba ya mlipa kodi. Kama kila neno linachelewa zaidi ya nusu segonde, fomu nzima inakuwa nzito hata kama bango linasema mega 50. Hiyo ndiyo shida ya VSAT ya zamani, ile sahani kubwa ambayo mashirika na benki waliifunga kwenye paa miaka mingi: setelaiti yake iko kilometa karibu 36 000 juu, na hakuna fundi anayeweza kuipunguza safari hiyo.

Mega za simu

Hapa ndipo karibu kila mtu anaanza, na si vibaya. Modemu ndogo ao simu iliyofunguliwa hotspot, karti ya Vodacom, Airtel ao Orange, na kazi inaanza siku hiyo hiyo. Hakuna mkataba, hakuna fundi wa kupanda paa. Kwa biro ya mtu mmoja ao wawili wenye kutuma dosye chache kwa siku, 4G nzuri inatosha.

Ubaya wake ni kwamba piloni ni ya wote. Asubuhi mapema kasi inapendeza. Siku ya soko, wakati wafanyabiashara, wanafunzi na madereva wote wako kwenye simu, inaanguka. Na mega zinaliwa na vitu ambavyo mwenye biro havioni: Windows inayojisasisha yenyewe, picha za WhatsApp zinazojishusha, kamera ya depo inayotuma video usiku kucha. Mkutano wa video peke yake unaweza kula karibu giga 1 kwa saa. Kompyuta ikielezwa katika mipangilio yake kwamba laini hii inalipwa kwa mega, inaacha kujisasisha bila ruhusa. Ni kazi ya dakika 2, na ni wachache wanaoifanya.

Piloni nayo inakunywa mafuta. Palipo na jenereta, mazuti yanapaswa kufika, na barabara ya Beni–Kasindi ni ile ambayo magari yameshambuliwa na kuchomwa mara nyingi. Mafuta yakichelewa, mtandao nao unachelewa.

Kasindi kuna jaribu lingine: karti ya Uganda. Mtandao wa ng'ambo unavuka mpaka bila kuomba viza, na wengi wana simu yenye karti 2. Kwa dharura inasaidia. Lakini kuijengea biro juu yake ni hatari. Haifiki Butembo, haitoi faktire ambayo mhasibu wa kampuni ya Kongo anaweza kuiweka katika vitabu bila maelezo marefu, na siku inapokatika hakuna agensi ya upande huu wa kwenda kulalamika. Kinyume chake pia kinauma: simu ya Kongo ikidaka mtandao wa ng'ambo yenyewe, uniti inaweza kwisha kwa roming kabla mwenyewe hajajua.

Antena ya paa

Mtoaji anafunga antena ndogo juu ya paa, inaangalia moja kwa moja piloni yake, na waya unashuka mpaka kwenye ruta ya biro. Ni njia ambayo katika miji yetu imebeba biro, hoteli na hospitali nyingi kabla fibra haijafika. Inataka kitu kimoja: macho ya antena na piloni yaonane. Butembo ni mji wa vilima. Biro iliyo bondeni nyuma ya kilima inaweza kukosa, na jengo la etaji 4 linaloota mbele linaweza kuziba laini iliyofanya kazi miaka 3.

Hapa mkataba ndio unaamua. Kuna laini ya kugawana, ambapo mega 10 moja inauzwa kwa wateja kadhaa kwa kutumaini kwamba hawatatumia wote pamoja, na kuna laini ya peke yako, ambayo bei yake ni ya juu zaidi. Kugawana si wizi. Hata makampuni makubwa ya dunia yanafanya hivyo. Ubaya ni pale mteja hajaambiwa wako wangapi. Mwenye biro aombe iandikwe: kasi ya chini kabisa nitakayopata ni ipi, kwa kupokea na kwa kutuma.

Fibra

Fibra ikifika mlangoni na bei ikiwezekana, ubishi unapungua sana. Kutuma na kupokea vinaweza kuwa sawa, mvua haiisumbui, na kesho biro ikikua, mtoaji anaongeza kasi bila kubadilisha waya. Lubumbashi, ambako kebo inaingia kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, kuna kata ambazo fibra imefika mpaka ndani ya nyumba. Katika miji ya Grand Nord inafuata kwanza barabara kubwa na wateja wakubwa. Avenue ya nyuma inangoja. Kabla ya kulipa abonema, mteja adai fundi aje apime umbali kutoka kwenye sanduku la mwisho mpaka mlangoni, na ajue nani analipa nguzo na kebo ya katikati. Metre 300 zinaweza kugharimu kuliko intaneti ya miezi mingi.

Adui wa fibra ni koleo na mvua ya barabarani. Mashini inayochimba mtaro, mmomonyoko unaokula kando ya njia, na waya umekatika. Na kuna kukatika kwa mbali zaidi. Mwezi wa 5, 2024, kebo za baharini EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na inchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na mtandao mzito. Upande wa Atlantiki, mwezi wa 8, 2023, WACS, kebo inayoingia Kongo kwa Muanda, ilikatika chini ya bahari kwenye bonde refu linaloanzia mdomo wa mto Kongo.

Hapo ndipo watu wengi wanajidanganya: wananunua laini 2 kwa watoaji 2 na kufikiri wamejilinda. Kama zote mbili zinatoka kwa Kasindi, zinapita Uganda na kushuka Mombasa, ni barabara moja yenye majina mawili. Swali "laini yenu inatoka inchini kwa wapi?" ni la haki, na mtoaji asiyeweza kulijibu bado anajibu kitu.

Starlink

Setelaiti zake ziko chini, kilometa karibu 550, ndiyo maana fomu ya duane haisinzii kama kwenye VSAT. Mwezi wa 3, 2024, ARPTC ilionya kwamba kutumia Starlink inchini ni kinyume cha sheria kwa kukosa leseni. Mwanzoni mwa mwezi wa 5, 2025, ARPTC hiyo hiyo ilitangaza kwamba leseni imetolewa. Katikati, vifaa vingi vilikuwa vimekwisha ingia, vikiwa vimeandikishwa katika inchi jirani. Mwenye kununua cha mkono wa pili leo ahakikishe kimeandikishwa kwa jina la nani na katika inchi gani. Abonema ya kusafiri haikutengenezwa kukaa inje ya inchi yake miezi na miezi, na kampuni inaweza kuizima wakati wowote, pengine siku kamio 3 ziko mpakani.

Biro pia isichanganye abonema ya nyumba na ya kazi. Ile ya kazi inatoa kipaumbele kwa kiasi fulani cha giga. Zikiisha, kasi inapungua. Sahani inataka mbingu wazi: mwembe mmoja ao ukuta wa jirani unatosha kukata mazungumzo kila baada ya dakika kadhaa. Mvua kubwa ya alasiri nayo inaweza kuikatisha kidogo.

Na wale wanaonunua kodi za Wi-Fi za saa ao za siku kutoka kwa jirani mwenye sahani? Kwa mwanafunzi ni sawa. Lakini biro inayopitisha karatasi za wateja kwenye mtandao ambao neno lake la siri linajulikana na kata nzima inacheza na siri za watu wengine.

Umeme ndio unaamua

Watoaji hawapendi kuzungumza juu ya kurant, kwa sababu si wao wanaoilipa. Starlink ya kawaida inaweza kula wati 75. Batri ya volti 12 na ampea 100, ikitumiwa nusu tu ili isife haraka, inatoa karibu wati 600 kwa saa 1: ni saa 8 za sahani, bila kuhesabu kinachopotea katika kifaa cha kugeuza umeme. Modemu ya 4G inayokula wati 10 itaishi kwa batri hiyo hiyo saa 60. Kwa biro inayowasha jenereta ili mtandao tu ufanye kazi, esanse ya mwezi inapaswa kuongezwa kwenye bei ya abonema kabla ya kulinganisha. Mara nyingi hapo laini "ya bei rahisi" inapoteza nafasi yake.

Mkataba nao una hesabu yake. Mtoaji akiahidi kwamba laini itakuwako asilimia 99, inasikika kama kila wakati. Kwa mwezi wa siku 30, asilimia 1 iliyobaki ni zaidi ya saa 7. Zikianguka usiku, hakuna anayejua. Zikianguka siku moja ya kazi, siku nzima imekwenda. Kwa hiyo iandikwe fundi anafika baada ya saa ngapi, hata siku ya mungu, na mteja anarudishiwa nini.

Kwa biro ya deklaranti yenye kompyuta 5 ao 6 kwenye njia hii ya Kasindi, mpangilio unaosimama ni laini moja ya mkataba, fibra kama ipo, antena ya paa kama haipo, pamoja na njia ya pili isiyopita barabara ile ile: sahani ya setelaiti iliyoandikishwa Kongo, ao, kwa mwenye mfuko mdogo, modemu ya 4G ya kampuni nyingine. Ruta yenye milango 2 inaweza kuhama yenyewe laini ya kwanza inapokufa. Mwenye kutoka mega za simu peke yake anaweza kuanza hivi: wiki moja, asubuhi, adhuhuri na jioni, apime kasi ya kutuma na kuiandika katika daftari. Daftari hilo ndilo atakalopeleka kwa muuzaji. Na siku fundi anapomaliza kufunga, kabla ya kuweka saini, achomoe waya wa laini ya kwanza mbele yake, na atume dosye moja.