Istilahi za Usalama wa Mgonjwa: Kipimo cha Sirari

Miongoni mwa nyaraka zinazowafikia watafsiri na maofisa wa serikali siku hizi, zile zinazohusu ubora wa huduma za hospitali zinaongezeka. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, nazo hutakiwa zipatikane kwa Kiswahili ili ziwafae watumishi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali, pamoja na wananchi wanaotibiwa humo. Katika makala haya tutajaribu kueleza dhana kuu iliyomo katika nyaraka hizo, kisha tutazame istilahi chache ambazo, zikichaguliwa vibaya, huweza kumdhuru mgonjwa.

Dhana yenyewe ilipata nguvu nchini Uingereza mwaka 1997 na 1998. Kabla ya hapo, katika hospitali moja ya mji wa Bristol, watoto waliopasuliwa moyo walikuwa wamekufa kwa idadi iliyozidi ile ya hospitali nyingine. Baadhi ya watumishi walilitambua jambo hilo mapema, lakini wazazi hawakuambiwa. Taarifa ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2001, nayo ilionyesha kwamba lawama haikuwa ya mtu mmoja tu, bali hospitali nzima haikuwa na njia ya kujipima wala ya kusikiliza. Kutokana na mambo ya namna hiyo ulitokea utaratibu mpya: hospitali yote, kuanzia mganga mfawidhi hadi karani wa mapokezi, ibebe dhamana ya ubora wa tiba; madhara yaandikwe na yachunguzwe; watumishi wajifunze kutokana nayo; na mgonjwa awe na sauti.

Kwa nini tumeichagua Sirari kuwa kipimo chetu? Sirari ni mji wa mpakani katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, unaotazamana na Isebania upande wa Kenya. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, na katika mji kama huo husikika Kikurya, Kijaluo, Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili cha Kenya. Mgonjwa aliyezidiwa huko hupelekwa Tarime, na ikibidi Musoma kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au hata Bugando jijini Mwanza. Kila anapopokelewa, habari zake hupita katika kinywa na kalamu ya mtu mwingine. Kwa wengi wa wagonjwa hao Kiswahili ni lugha ya pili. Neno lenye maana mbili, ambalo mkazi wa Dar es Salaam huweza kulielewa kwa mazoea, halina msaada wa mazoea hayo mahali kama Sirari.

Jina la utaratibu

Tuanze na jina la utaratibu wenyewe. Mtafsiri hushawishika kuandika ‘utawala wa kliniki’. Neno kliniki asili yake ni Kigiriki, nalo linatokana na neno lenye maana ya kitanda. Yaani tiba itolewayo mgonjwa alipolala. Lakini katika Kiswahili neno hilo limekwisha pata makazi yake: mama mjamzito ‘huenda kliniki’, na mtoto mchanga ‘hupelekwa kliniki’ kupimwa uzito na kuchanjwa. Kwa hiyo ‘utawala wa kliniki’ utaeleweka kuwa ni uendeshaji wa huduma za mama na mtoto. Aidha, neno utawala peke yake humweka mtawala juu na mtawaliwa chini, ilhali shabaha ya utaratibu huu ni kumfanya aliye chini asikike.

Wengine watapendelea ‘uwajibikaji wa tiba’. Maana yake ya msingi ni nzuri. Hata hivyo, katika lugha ya siasa ya nchi yetu kuwajibika kumechukua pia maana ya kujiuzulu, na kuwajibishwa maana ya kuadhibiwa. Muuguzi akiambiwa kwamba kitabu cha kuandikia makosa ni kitabu cha uwajibikaji, hataandika kitu. Sisi twaona ‘usimamizi wa ubora wa tiba’ unafaa zaidi. Ni maneno marefu kidogo, lakini kila neno linajieleza.

Usalama

Neno ‘usalama’ halina kasoro katika sarufi. Tatizo lake ni majirani zake. Tunazo kamati za ulinzi na usalama, na tunao Usalama wa Taifa. Mpakani, ambako polisi, maofisa wa uhamiaji na wa forodha wako kazini mchana na usiku, ‘ofisa usalama’ akitajwa katika kituo cha afya atadhaniwa kuwa amekuja kuuliza mgonjwa ametoka upande gani wa mpaka. Mgonjwa mwenye hofu hiyo hatasema kweli juu ya makazi yake, wala juu ya dawa alizokwisha kunywa. Kwa hiyo istilahi isikatwe: iandikwe ‘usalama wa mgonjwa’ kila mara, na mwenye kazi hiyo aitwe ‘mratibu wa usalama wa mgonjwa’.

Kosa, dhara na nusura

Mambo matatu hayana budi kutenganishwa. ‘Kosa’ ni tendo lililofanywa kinyume cha ilivyopasa. ‘Dhara’ ni maumivu au hasara iliyompata mgonjwa kutokana na tiba, si kutokana na ugonjwa wake. Kosa huweza kutokea bila dhara, na dhara huweza kutokea bila kosa la mtu, kama mgonjwa anapodhuriwa na dawa ambayo hakuna aliyejua kwamba haipatani na mwili wake.

Jambo la tatu ndilo ambalo halijapata jina lililozoeleka wodini: kosa lililogunduliwa kabla halijamfikia mgonjwa. Muuguzi ameshika chupa ya damu, anasoma jina, anaona si la mgonjwa huyu, anairudisha. Hapo watu husema ‘Mungu amesaidia’, na habari ikaishia hapo. Ni kweli kushukuru ni wajibu, lakini chupa ile ilifikaje kitandani? Kesho atakuwapo muuguzi mwingine, pengine amechoka, naye hatasoma. Kiswahili kinalo neno ‘nusura’, na kila msemaji anaelewa maana ya ‘nusura aanguke’. Twapendekeza ‘tukio la nusura’. Likipata jina, litapata na safu yake katika daftari. Na kikao cha watumishi kitaweza kulijadili bila kumtafuta wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Jina la mgonjwa na saa ya dawa

Mwezi Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza lililo moja walibadilishwa. Aliyekuwa akiumwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyestahili kupasuliwa kichwa alipasuliwa mguu. Huyu wa pili alifariki baadaye. Tukio hilo laonyesha kwamba jina peke yake si utambulisho.

Sasa tuyatazame majina ya Wakurya. Mwita, Chacha, Marwa, Bhoke, Gati na Robi ni majina yanayorudiwa katika ukoo baada ya ukoo. Katika wodi moja Sirari au Tarime anaweza kuwapo Mwita Chacha kitanda hiki na Chacha Mwita kitanda kile, na wote wawili ni wa kweli. Fomu yenye nafasi ya ‘jina’ na ‘jina la baba’ haitoshi. Hapana budi iongezwe tarehe au mwaka wa kuzaliwa, kijiji na namba ya jalada. Na namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwuliza mzee, ‘Wewe ndiye Chacha?’, kwa heshima au kwa kutosikia vizuri atajibu ‘ndiyo’. Mwulize, ‘Jina lako nani, mzee, na baba yako aitwa nani?’, hapo atalazimika kulitaja mwenyewe.

Saa nazo zina mtego. Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, lakini saa za ukutani na fomu za hospitali hufuata hesabu ya kizungu. Cheti kilichoandikwa ‘saa 8’ chaweza kusomwa kuwa saa nane mchana au saa mbili asubuhi, tofauti ya saa sita kwa mgonjwa wa sindano. Kadhalika ‘kutwa mara tatu’ mtu huweza kuielewa kuwa ni tangu kuche hata jua lichwe, na usiku asinywe. Ni heri kuandika ‘kila baada ya saa nane’, na kutaja wakati kwa maneno: ‘saa mbili asubuhi, saa kumi jioni, saa sita usiku’. Alama ya ‘2 x 3’ iachwe kwa walimu wa hesabu.

Ridhaa na ushiriki

Kabla ya upasuaji mgonjwa hutia sahihi. Je, atoa idhini au ridhaa? Idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Fomu ikiomba idhini, macho ya wote yatamgeukia mume, baba au mkubwa wa ukoo, na mama mwenye tumbo litakalopasuliwa atanyamaza. Ridhaa ni ya moyo wa mwenye mwili. Kwa hiyo neno la fomu liwe ‘ridhaa’, nayo isihesabiwe kuwa ridhaa mpaka mgonjwa ameelezwa lugha anayoijua: atafanywa nini, hatari yake ni ipi, njia nyingine ipo au haipo, na kwamba anaweza kukataa. Ikiwa Kiswahili hakitoshi, mfasiri awe mtu mzima aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, wala si mtoto wa mgonjwa, kwa kuwa mama hatataja mbele ya mwanawe ugonjwa anaouonea haya.

Kuhusu ‘ushirikishwaji wa mgonjwa’, watafsiri wauangalie mnyambuliko wa kitenzi. Anayeshirikishwa anangoja kuitwa, anayeshiriki anatenda. Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, iliyowekwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2019 kuwa tarehe 17 Septemba, mwaka 2023 ilihusu jambo hilihili, na tungependa liitwe ‘ushiriki wa mgonjwa’.

Wala ushiriki huo si hisani tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye mambo 19. Jambo la kwanza ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani, atapasuliwa wapi, kwa upasuaji gani, na kwamba ameridhia. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara hapa Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.  Miongoni mwa yaliyoongezeka ni watu kuulizana na kujibizana kwa sauti.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Usimamizi wa ubora wa tiba: utaratibu ambao kwao hospitali nzima hubeba dhamana ya ubora wa tiba na kujirekebisha.
(b) Usalama wa mgonjwa: kumkinga mgonjwa na dhara litokanalo na tiba.
(c) Dhara la tiba: maumivu au hasara isiyotokana na ugonjwa wenyewe.
(d) Tukio la nusura: kosa lililozuiwa kabla ya kumfikia mgonjwa.
(e) Ridhaa baada ya maelezo: kukubali kwa mgonjwa aliyekwisha elezwa na kuelewa.
(f) Ushiriki wa mgonjwa: mgonjwa kuuliza, kusema na kuamua katika tiba yake.

Istilahi hizi si amri. Tungefurahi kama walimu na watumishi wa afya wa Tarime na Serengeti wangezijaribu kwa wazee wasiojua Kiswahili sana, wakatuletea maneno ya Kikurya na ya Kijaluo yanayokaribiana nazo. Istilahi ambayo bibi wa Sirari hawezi kuitumia kumwambia muuguzi, ‘Mwanangu, hii si dawa yangu,’ itakuwa haijatimiza kazi yake, hata ikipendeza namna gani katika kamusi.